Difu: kutoka laga ya Korbesa hadi gari la rimoti

Najua nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi ya kuandika programu ikikukaba haikuachi hata usiku, na baada ya hapo nilikwenda nyumbani Korbesa, ambako mtandao ukipatikana leo, kesho unakataa. Leo sitaandika juu ya kompyuta. Nataka kuandika historia ya kifaa cha chuma ambacho karibu kila gari linacho na ambacho abiria hakioni kamwe: difu. Kilichonisukuma ni gari dogo la rimoti na swali la mtoto, lakini mimi na difu tuna kesi ya zamani.

Lori kwenye laga

Kwa wasiojua, Korbesa iko kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, si mbali na mto Ewaso Ng'iro. Kwa Kiborana korbesa ni beberu la mbuzi, na kwetu mbuzi ndiye benki. Ada ya shule ikifika, mbuzi wanapakiwa kwenye lori wanapelekwa soko la Isiolo. Ndivyo nilivyosoma mimi, na ndivyo walivyosoma wengi ninaowajua.

Nilipokuwa kidato cha pili, katikati ya miaka ya 1990, lori lililobeba mbuzi wetu kumi na wawili pamoja na wa majirani lilizama kwenye mchanga wa laga. Halikuzama lote. Upande wa kushoto wa ekseli ya nyuma ndio uliozama. Upande wa kulia ulikuwa juu ya ardhi ngumu kabisa, yenye mawe. Dereva alikanyaga mafuta, gurudumu la kushoto likazunguka kama feni huku likijichimbia kaburi. La kulia lilikaa tuli, utadhani halina habari.

Tulilala pale. Kesho yake jua lilipopanda mbuzi walianza kulala chini, na kabla ya adhuhuri wawili wetu walikuwa wamekufa. Tulichimba, tukaweka mawe na matawi ya migunga chini ya gurudumu la kushoto, lori likatoka. Soko lilikuwa limeshatupita. Mbuzi waliobaki waliuzwa kwa bei ya huruma, na muhula ule nilirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzangu.

Nilimuuliza dereva kwa nini nguvu ya injini isiende kwa gurudumu lililosimama pazuri.

"Hiyo ni difu, kijana. Kazi yake ni kugawa."

"Inagawa vipi, mzee?"

"Sawasawa. Ndiyo shida yake."

Nilidhani ananitania. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba jibu lile lilikuwa sahihi kuliko maelezo mengi niliyokuja kuyasoma baadaye.

Kwa nini tulihitaji difu

Tuanze na jambo rahisi. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Chukua lori ambalo magurudumu yake ya kulia na kushoto yameachana kwa mita 2. Likizunguka duara zima huku gurudumu la ndani likiwa mita 8 kutoka katikati, la ndani litatembea mita 50 hivi na la nje karibu mita 63. Kuna tofauti ya zaidi ya mita 12 ndani ya duara moja! Kama magurudumu yote mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, lazima mojawapo liburuzwe. Tairi zinakwisha, ekseli inapindwa, na gari lenyewe halitaki kukata kona, linataka kwenda mbele tu.

Mkokoteni wa punda hauna tatizo hilo kwa sababu kila gurudumu linazunguka peke yake. Hata magari ya waya tuliyotengeneza utotoni hayakuwa nalo. Tatizo lilizaliwa siku mtu alipotaka injini izungushe magurudumu yenyewe.

Jibu linajulikana kwa jina la Onésiphore Pecqueur, fundi wa saa wa Ufaransa, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1820 alipata hataza ya gari la mvuke lenye mfumo wa gia kama tunaoujua leo. Ndani ya difu kuna gia mbili, moja kwa kila gurudumu, na katikati yake kuna gia ndogo zinazoshikana na zote mbili. Gari likienda moja kwa moja, gia ndogo hazizunguki juu ya ekseli yake, bali zinasukuma pande zote mbili kwa pamoja. Likikata kona, gia ndogo zinajizungusha kidogo, upande mmoja unaongeza mwendo na mwingine unapunguza kwa kiasi kile kile.

Wazo lile halikupata soko kubwa wakati ule. Lilirudi kwa nguvu kupitia baiskeli. Mwaka 1877, mjini Coventry, Uingereza, James Starley aliweka difu kwenye baiskeli ya magurudumu mengi. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiendesha pamoja na mwanawe, kila mmoja akikanyaga pedali za gurudumu la upande wake. Kijana alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko baba, chombo kikapinda na kuwatoa njiani. Starley akatafuta njia ya kuunganisha nguvu za wote wawili na kuzigawa upya kwa usawa. Karl Benz alipotengeneza gari lake la magurudumu matatu mwaka 1885, nalo lilikuwa na difu.

Kosa lililokuwa ndani ya usawa

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi nilikosea kwa miaka. Husemwa kwamba difu "hupeleka nguvu yote kwa gurudumu linaloteleza". Si kweli. Kinachokwenda kwa gurudumu linaloteleza ni mwendo wote. Msukumo, yaani ile nguvu ya kuzungusha, unagawanywa nusu kwa nusu, kila wakati. Sasa fikiria: gurudumu la kushoto liko kwenye mchanga na linaweza kupokea msukumo kidogo tu kabla ya kuteleza. Kwa kuwa mgao lazima uwe sawa, la kulia nalo litapata kidogo hicho hicho, hata kama limesimama juu ya mwamba. Kipimo cha wote kinakuwa kipimo cha aliye dhaifu.

Ndiyo maana mawe na matawi yetu yalifanya kazi yakiwekwa upande wa kushoto. Tulipoinua uwezo wa gurudumu dhaifu, tuliinua wa yote mawili kwa mpigo.

Sisi waandishi wa programu tunalijua kosa la namna hii. Programu haijaharibika, inafanya kile kile ilichoandikiwa, ila aliyeiandika hakuwahi kuiwazia laga.

Historia ya difu tangu hapo ni historia ya kujibu swali moja: turuhusu tofauti kiasi gani kati ya magurudumu? Ukiruhusu yote, lori linalala kwenye mchanga. Ukikataza yote, gari halikati kona. Wa kwanza kulipa swali hili fedha nyingi walikuwa watu wa mashindano. Magari ya Auto Union yaliyobuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930 yalikuwa na nguvu nyingi mno, gurudumu moja la nyuma likawa linateleza hata gari likiwa kwenye mwendo mkubwa. Mwaka 1935 Porsche aliiomba kampuni ya ZF ibuni difu inayozuia sehemu ya utelezi huo. Mwaka 1958 Mmarekani Vernon Gleasman alibuni ile inayoitwa Torsen, inayotumia gia za mshazari ambazo hujibana zenyewe upande mmoja ukianza kukimbia. Matrekta nayo yalipewa breki mbili, ya kushoto na ya kulia, mkulima abane lile linaloteleza. Magari mengi ya leo hufanya jambo hilo hilo kwa kompyuta: kifaa kinahesabu mizunguko ya kila gurudumu, kikiona moja linakimbia ovyo kinalibana breki. Ni mistari ya programu inayofanya kazi ya matawi ya mgunga!

Safari Rally, shule yetu

Hapa Kenya somo hili lilifundishwa hadharani kila Pasaka. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi washindi walikuwa magari yanayosukumwa na magurudumu mawili tu. Joginder Singh alishinda na Volvo mwaka 1965, kisha na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote na Datsun: 1973, halafu mfululizo kutoka 1979 hadi 1982.

Mwaka 1980 Audi ilitoa Quattro. Gari la namna hiyo, linalosukuma kwa magurudumu manne wakati wote, kwa kawaida lina difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya kati inayogawa kati ya mbele na nyuma. Quattro ya mwanzo ilimwachia dereva kazi ya kufunga ya kati na ya nyuma kwa mkono. Kwingineko duniani ilitisha watu. Lakini Safari ya 1983 ilichukuliwa na Ari Vatanen na Opel Ascona 400 ya magurudumu mawili, Audi mbili zikafuata nyuma yake. Mwaka 1984, 1985 na 1986 zikaja Toyota Celica, nazo za magurudumu mawili. Kwa barabara ndefu zenye vumbi, mawe na joto, gari lisilovunjika lilikuwa na thamani kuliko gari lenye mshiko mwingi.

Hatimaye mwaka 1987 Hannu Mikkola alishinda na Audi 200 Quattro, ukawa ushindi wa kwanza wa gari la magurudumu manne katika Safari. Nilikuwa darasa la tatu, tukisikiliza kwenye redio ya mwalimu. Mwaka uliofuata Massimo Biasion alishinda na Lancia Delta Integrale. Hiyo ilikuwa na Torsen nyuma, na katikati ilikuwa na chombo kilichojaa sahani nyembamba zilizozama ndani ya majimaji mazito ya silikoni. Sahani zikianza kupishana mwendo, silikoni inazikataza, na kadiri zinavyopishana kwa kasi ndivyo inavyozidi kukataza. Kumbuka silikoni, tutaikuta tena.

Kompyuta nayo ikaingia difu ya kati ya magari ya rali. Lakini Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, enzi hiyo ilikuwa ukingoni. Mwaka 2022 sheria mpya za Rally1 ziliondoa difu ya kati inayoongozwa na kompyuta. Nimeipenda hiyo. Wakati mwingine kusonga mbele ni kufuta mistari.

Magari madogo yaingia darasani

Magari ya rimoti ya mashindano yalipitia njia hiyo hiyo kwa haraka zaidi. Mengi ya mwanzo yalikuwa na ekseli moja nzima, bila difu. Gari ni dogo na jepesi, kwa nini ujisumbue? Lakini hesabu ya kona haijali ukubwa. Gari ambalo magurudumu yake yameachana kwa sentimita 20, likizunguka duara la mita 1 kwa ndani, linatofautisha magurudumu kwa zaidi ya mita 1.2. Likibeba mota kali, linagoma kukata kona au linajizungusha lenyewe.

Mwingereza Cecil Schumacher, aliyekuwa mhandisi wa Cosworth, alikuja na jibu zuri sana: difu ya gololi. Aliachana na gia ndogo zenye meno. Gololi ndogo za chuma zimepangwa kwenye matundu ya gia ya plastiki, na zinabanwa kati ya pete mbili za chuma, moja kwa kila gurudumu. Ukikaza skrubu moja, gololi zinabanwa zaidi, ukilegeza zinaachiliwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kurekebisha difu kwa bisibisi akiwa ameketi kando ya uwanja. Schumacher alianzisha kampuni yake mwaka 1980, na mwaka 1987 kijana wa Kijapani, Masami Hirosaka, alitwaa ubingwa wa dunia wa magari ya magurudumu manne akiendesha gari la kampuni hiyo.

Difu ya gololi ina masharti yake. Ikilegea mno, pete zinateleza juu ya gololi, zinachimbika, na kwisha. Ikikazwa mno, ni kama huna difu. Tena inataka usafi, na vumbi ndilo adui yake. Kwa magari mazito, hasa ya kipimo cha 1/8, gia zenye meno zilibaki, ila ndani ya kasha lililozibwa kunatiwa oili ya silikoni. Gia zikitaka kupishana, lazima zisukume oili. Oili nzito inakataza sana, nyepesi inakataza kidogo. Uzito wake hupimwa kwa cSt. Maji ni kama 1, na oili za difu huanzia 1,000 hivi na kupanda hadi laki kadhaa.

Swali la mpwa wangu

Sasa nirudi Korbesa. Nilinunua gari la 1/8 lililotumika, la betri, lenye difu tatu, nikampelekea mpwa wangu likizo. Tukaliweka kwenye mchanga. Gurudumu moja la mbele likazunguka kama feni, mengine yakalala.

"Mjomba, mbona ni hii moja tu inafanya kazi?"

Nilisimama pale nikalikumbuka lori. Nilipofungua difu nilikuta oili yote imevuja, zimebaki gia tupu.

Na mimi nikafanya lile ambalo huwakemea vijana kazini: nilinakili bila kuelewa. Nilitafuta mipangilio ya bingwa fulani wa Ulaya, anayekimbia kwenye zulia ndani ya ukumbi, nikatia oili kama yake: 20,000 mbele, 20,000 katikati, 10,000 nyuma. Gari likaenda moja kwa moja vizuri ajabu. Kwenye kona lilikataa kugeuka, na ukilikanyagia mafuta mkia unatoka. Liligonga mti wa mgunga mara tatu, mara ya tatu likavunja mkono wa mbele. Mtoto hakusema kitu, ila uso wake ulinitosha.

Zulia lina mshiko mwingi, na pale difu nzito huzuia gurudumu la ndani lililonyanyuka lisipoteze msukumo. Kwenye changarawe na mchanga, kila gurudumu linahitaji uhuru wa kufuata ardhi yake. Kwa hiyo tulirudi kwenye mpangilio ambao wengi huanzia: 5,000 mbele, 5,000 katikati, 3,000 nyuma. Kuanzia hapo tunabadilisha difu moja tu kwa wakati mmoja, na mpwa wangu anaandika kwenye daftari. Tuliyoyaona hadi sasa ni haya.

Ya mbele ikiwa nzito, gari huvutwa vizuri likitoka kwenye kona, lakini huingia kwa uvivu. Ikiwa nyepesi, huingia kwa ukali.

Ya kati ikiwa nyepesi mno, ukikanyaga mafuta pua inanyanyuka na nguvu inapotelea kwenye magurudumu ya mbele. Ikiwa nzito, gari huruka mbele kwa magurudumu yote, lakini linakuwa gumu kulitawala kwenye matuta.

Ya nyuma ikiwa nyepesi, mkia unatulia kwenye kona. Ikiwa nzito, mkia unazunguka upesi, wakati mwingine upesi kuliko unavyotaka.

Jambo jingine ni joto. Silikoni hupungua uzito ikipata moto, japo si kwa kasi kama oili ya kawaida. Kwetu saa nane mchana gari lile lile lina tabia tofauti na lilivyokuwa saa moja asubuhi. Tukaanza kuandika na saa kwenye daftari.

Yule dereva bado yuko, sasa ni mzee wa kukaa kivulini. Alikuja kututazama, nikamfungulia difu ndogo aione. Aliigeuzageuza mkononi, akazungusha upande mmoja, akaona mwingine unarudi nyuma.

"Ni ile ile," akasema. "Lakini hii mmeifundisha kukataa kidogo."

Nilimwambia kwamba siku ile kwenye laga sikumwamini. Akacheka, akauliza kama niliwahi kumaliza shule.

Haya, kwa leo yanatosha. Kama una gari la rimoti na ardhi ya mchanga kama yetu, niandikie unatumia oili gani. Lakini usininakili mimi pia! Anza na daftari, badilisha difu moja, kisha tazama gurudumu lipi linalala.